Telefone ao wingu: kazi inafanyika wapi pale rezo inakatika?

Mwezi wa saba mwaka 2025, Sameer Samat, mmoja wa wakubwa wanaosimamia Android ndani ya kampuni ya Google, alisema wazi kwamba Chrome OS na Android zitaunganishwa na kuwa jukwaa moja. Miezi miwili kisha, kwenye mkutano wa kampuni ya Qualcomm, wakubwa wa Google wakarudilia neno lile lile: Android inaingia ndani ya kompyuta, na mwaka 2026 ukatajwa. Hapa mashariki habari hiyo ilipita haraka. Watu walikuwa na mambo mengine ya kusikiliza.

Lakini siyo habari ya mafundi peke yao. Mifumo hiyo miwili inajibu swali moja kwa namna mbili tofauti: kazi ya mtu ifanyike ndani ya mashine anayoshika mkononi, ao ifanyike mbali, kwenye serva ya kampuni, na mashine iwe dirisha tu la kuchungulia? Kwa mtu wa Paris jibu halibadilishi sana siku yake. Kwa mwalimu wa Lubero, muuguzi wa Shabunda ao mama wa Uvira anayeuza samaki na kuandika madeni ndani ya telefone, jibu linaamua kama leo kazi inafanyika ao hapana.

Watoto wawili wa nyumba moja

Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoamsha mashine na kugawa kazi kwa programu zingine. Android ilitoka kwenye telefone ya kwanza mwaka 2008. Ilitengenezwa kwa ajili ya kitu kidogo cha mfukoni, chenye batri, ambacho rezo yake inakuja na kwenda. Ndiyo maana programu zake zinapakuliwa nzima, zinakaa ndani ya telefone, na nyingi zinafunguka hata pale hakuna rezo. Kikokoteo, daftari la kuandika, kamera, muziki: vyote vinafanya kazi juu ya mlima kama katikati ya mji.

Chrome OS ilitangazwa mwaka 2009, na kompyuta zake za kwanza, Chromebook za Samsung na Acer, zikauzwa mwaka 2011. Nayo inasimama juu ya msingi wa Linux kama Android, lakini ilizaliwa na wazo lingine kabisa: kwamba mtu hana haja ya kuweka kitu ndani ya kompyuta yake. Anafungua kivinjari, anaandika barua yake kwenye ukurasa wa intaneti, na barua inakaa kwenye serva. Kompyuta ikianguka ao ikiibwa, anakaa mbele ya nyingine, anaingiza jina na neno la siri, anaendelea pale alipoachia.

Wazo hilo lilizaliwa katika nchi ambako rezo haikatiki ovyo, na hilo linaonekana. Programu za kuandika za Google zinaweza kufanya kazi bila intaneti kwenye kompyuta, ndiyo, lakini mtu anapaswa kuwa amewasha uwezo huo mapema, wakati rezo bado iko. Anayekumbuka kisha rezo kwenda, amechelewa.

Wingu liko wapi?

Neno wingu linadanganya kidogo. Haliko angani. Ni majengo makubwa yenye maelfu ya kompyuta, umeme usiokatika na mashine za kupoza joto. Yaliyo karibu na Kivu na Ituri yako Afrika Kusini: Microsoft ilifungua yake huko mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwanzoni mwa 2024. Mengine mengi yako Ulaya na Marekani.

Watu wengi wanafikiri programu za wingu ni polepole juu ya umbali. Umbali siyo mkosaji mkubwa. Kutoka Goma mpaka Johannesburg ni karibu kilometa 2,700 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya fibre unakimbia kilometa karibu 200,000 kwa sekunde moja, kwa hiyo kwenda na kurudi kungechukua chini ya sehemu 30 za elfu ya sekunde. Mtu hawezi kuisikia hiyo. Hata kama njia ya kweli inazunguka kupitia Rwanda, Uganda ao Tanzania, ikashuka mpaka Bahari ya Hindi na kurudi tena, bado siyo umbali unaofanya duara la kungojea lizunguke dakika nzima kwenye kioo.

Shida iko sehemu mbili. Ya kwanza ni kilometa za mwisho: kutoka antene mpaka telefone. Antene moja inabeba mtaa mzima, na saa za magaribi, pale wote wamefika nyumbani, kila mmoja anapata kipande kidogo. Mahali ambapo antene inategemea jenereta, mazuti yakichelewa njiani, rezo inazimika pamoja na mota. Kwenye biro zinazotumia satelaiti ya zamani kuko tatizo lake: satelaiti hiyo iko karibu kilometa 36,000 juu, na kila swali linachukua karibu nusu sekunde kwenda na kurudi. Ukurasa wa intaneti hauulizi swali moja. Unauliza makumi. Satelaiti za chini kama za Starlink, ambayo ilipata ruhusa ya kufanya kazi Kongo mwezi wa tano 2025, zinapunguza sana kungojea huko, kwa anayeweza kulipa mashine na mwezi.

Sehemu ya pili ni kukatika kwenyewe, na hapo wakaaji wa mashariki hawana haja ya kufundishwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, serikali ilifunga intaneti katika nchi yote, na watu wakakaa karibu wiki tatu bila hiyo. Agosti 2023, udongo ulioporomoka chini ya bahari mbele ya mlango wa mto Kongo ulikata kebo ya WACS, ile inayoingia nchini kupitia Muanda. Mwezi wa tano 2024 ilikuwa zamu ya upande wa pili: kebo za EASSy na Seacom zikakatika katika Bahari ya Hindi, na nchi jirani ambazo zinapitisha intaneti ya mashariki zikalegea siku kadhaa. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, umeme, maji na intaneti vilikosekana katika sehemu kubwa za mji.

Anayetengeneza programu huko California anahesabu kukatika kama ajali. Hapa ni sehemu ya hali ya hewa.

Hesabu ya picha moja

Ili kuelewa ufanisi wa programu, hesabu ndogo inasaidia kuliko maneno makubwa ya wauzaji. Tuseme muuguzi anatuma picha ya fishi ya mgonjwa, yenye megabaiti 3, kutoka mahali ambapo kuko paka rezo ya 2G inayopitisha kilobiti 100 kwa sekunde. Picha hiyo itachukua dakika 4. Kama rezo inakatika kwenye dakika ya tatu, kuko programu zitakazoendelea pale zilipoachia, na kuko zile zitakazoanza upya kutoka sifuri. Hizo za pili zinaweza kula mega za mtu siku nzima pasipo picha kufika.

Sasa programu nyingine inapunguza picha ile ile ndani ya telefone kwanza, mpaka kilobaiti 200. Itapita kwa sekunde 16. Rezo ni ile ile, telefone ni ile ile, picha inasomeka. Tofauti yote iko katika mahali kazi ilifanyika: telefone ilijisumbua kidogo kabla ya kutuma, badala ya kutupa mzigo wote njiani na kuomba Mungu. WhatsApp inapenda hapa kwa sababu hiyo kuliko sababu nyingine yoyote. Inaweka ujumbe ndani ya telefone, inapunguza picha, inangojea rezo, na ikifika inatuma yenyewe bila kuuliza mtu.

Lakini haifai kusema kwamba wingu ni baya kila mahali. Wingu la kwanza ambalo watu wa Kivu walitumia, wengi bila kujua, ni pesa ya telefone. M-Pesa ya Vodacom ilifika Kongo mwaka 2012. Mtu anayebonyeza *1122# kwenye telefone ndogo ya vibonyezo hana programu yoyote ya benki ndani yake. Salio haliko ndani ya telefone, menyu haiko ndani ya telefone. Vyote viko kwenye serva ya kampuni, na telefone inaonyesha tu maandishi. Kwa maana hiyo ni wingu kuliko hata Chromebook. Na inafanya kazi pale programu yenye rangi nzuri ya kampuni hiyo hiyo inakataa kufunguka.

Kwa nini? Juu kila ujumbe wa USSD hauzidi herufi 182, na unapita kwenye njia inayotumiwa kupanga simu na SMS, siyo kwenye njia ya mega. Kisha mapigano ya Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango, na familia nyingi zikabaki kutegemea pesa inayotumwa kwa telefone. Haikuhitaji telefone ya maana. Ilihitaji antene iwe hai na ajenti awe na noti mkononi, na hilo la noti ni habari nyingine kabisa.

Opera Mini ilitumia akili kama hiyo tangu karibu miaka 20: serva ya mbali inafungua ukurasa, inaufinya, na inatuma kwa telefone kifurushi kidogo. Kwa hiyo swali la kweli siyo telefone ao wingu. Ni maswali mawili yanayoshikana: vitu ngapi vinapaswa kusafiri kabla kazi iishe, na rezo ikikatika katikati, kazi ya mtu inabaki wapi?

Telefone ya bei ndogo, mlango mdogo

Kuko jambo moja ambalo wengi wanalichukua kinyume. Watu wanadhani programu ya wingu ni nyepesi kwa telefone dhaifu, kwa kuwa serva ndiyo inafanya kazi. Mara nyingi siyo kweli. Kurasa za leo zinabeba programu kubwa inayoendeshwa na kivinjari ndani ya telefone yenyewe. Telefone yenye gigabaiti 1 ya memori inaweza kufungua programu ndogo iliyopakuliwa bila shida, kisha ikakwama kabisa kwenye ukurasa wa kampuni ile ile. Mtu anasema rezo ni mbaya, kumbe ni memori iliyojaa.

Google ilijua. Desemba 2017 ilitoa Android Go, umbo jepesi la Android kwa telefone zenye gigabaiti 1 ya memori ao chini, pamoja na programu zilizopunguzwa. Facebook ilikuwa imetoa Facebook Lite mwaka 2015. Hizo ndizo zilizofanya telefone za Itel na Tecno za bei ya chini ziweze kutumika. Lakini mlango unaendelea kupungua: kuanzia Android 13, hata umbo hilo jepesi linaomba gigabaiti 2. Nayo WhatsApp, Oktoba 2023, iliacha telefone zote za Android zilizo chini ya toleo la 5.0. Telefone haijaharibika, batri iko, kioo kiko, lakini mwenyewe hawezi tena kuongea na mtoto wake aliye Kampala.

Kulikuwa na waliojaribu njia ya katikati: telefone ya bei ndogo inayosimama juu ya teknolojia ya kurasa za intaneti. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, walitoa Firefox OS, na telefone zake za kwanza zikauzwa mwaka 2013. Mwaka 2015 Orange ikaleta telefone ya Klif katika nchi kadhaa za Afrika. Mwisho wa mwaka huo huo Mozilla ikaacha kazi hiyo. Majivu yake yakazaa KaiOS, mfumo unaoweza kuishi ndani ya megabaiti 256 za memori, na mwaka 2019 Orange ikatoa Sanza, telefone ya vibonyezo yenye intaneti, kwa bei ya karibu dola 20. Ilikuwa kazi nzuri. Kisha, Juni 2024, WhatsApp ikaacha kupatikana kwa kupakua kwenye KaiOS. Kwa mnunuzi wa Butembo, telefone ya intaneti isiyo na WhatsApp ni redio yenye tochi. Mfumo mwepesi haukushindwa na wepesi wake. Ulishindwa juu ya kutegemea programu ya mtu mwingine ambayo inaweza kuondolewa kwa uamuzi mmoja, mbali sana.

Kompyuta za sekretaria

Hapo ndipo habari ya kuunganisha Android na Chrome OS inakutana na jambo lingine lililokwisha kufika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kulinda Windows 10, mfumo ulio ndani ya kompyuta nyingi za zile butiki za kuandikisha barua na kufotokopi ambazo watu wanaita sekretaria, na za mashule, parokia na mashirika. Microsoft imeongeza mwaka mmoja, mpaka Oktoba 2026, kwa wanaojiandikisha na akaunti yake. Windows 11 inaomba chipu ya usalama ambayo kompyuta za zamani hazina, na inaomba intaneti siku ya kuisimamisha.

Mwenye sekretaria anabaki na njia tatu kama hana pesa ya mashine mpya. Anaweza kuendelea na Windows 10 bila ulinzi, jambo la hatari kwa mashine inayopokea kle za USB za watu 50 kwa siku. Anaweza kuweka ChromeOS Flex, ambayo Google ilitoa mwaka 2022, bure, kwa ajili ya kompyuta za zamani. Ao anaweza kuweka Linux, kama Linux Mint, pamoja na LibreOffice, vyote bure pia.

ChromeOS Flex inaamka haraka na ni vigumu kuingiwa na virusi. Lakini inaomba intaneti mara ya kwanza mtu anaingia, haikubali programu za Play Store, na kazi zake nyingi ziko kwenye wingu. Mteja akija na mémoire ya kurasa 80 ndani ya kle saa ambayo rezo imeenda, mwenye butiki atatamani Linux. Kwa butiki ya mashariki ambayo chakula chake kinatoka kwenye kuandika na kuprinta, Linux iko mbele, na siyo kwa kidogo. Kwa shule yenye rezo ya uhakika na watoto 40 wanaopokezana mashine 10, Flex inaweza kushinda, juu kila mtoto anakuta kazi yake kwenye mashine yoyote.

Waliotengeneza kwa kujua barabara

Kuko mfano mzuri wa kuchanganya pande zote mbili. ODK, iliyoanza mwaka 2008 kwenye Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, ilitengenezwa kwa watu wanaojaza maswali mashambani na telefone ya Android. Fomu inapakuliwa asubuhi mjini. Mchunguzi anatembea siku tatu katika vijiji pasipo rezo, anajaza, telefone inatunza. Akirudi mahali penye antene, zote zinatumwa. KoboToolbox, inayotumiwa na mashirika mengi ya msaada, inafuata njia hiyo hiyo. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kongo inatumia kwa takwimu za afya, iko na programu ya Android inayokubali kujaza bila rezo na kulinganisha na serva baadaye.

Ndani ya programu hizo wingu liko, tena ni la lazima: ndilo linakusanya takwimu za zone de santé zote mahali pamoja. Lakini halisimami kati ya muuguzi na mgonjwa wake. Kuko bei yake, na haifichiki. Watu wawili wakibadilisha fishi moja bila rezo, siku ya kulinganisha mmoja atafuta kazi ya mwingine kama programu haikupangwa vizuri. Na telefone ikianguka mtoni siku ya pili ya safari, siku hizo mbili zimekwenda nayo.

Siku ya kukimbia

Upande mmoja wingu halina mpinzani, na watu wa huku wanaujua kwa uchungu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka usiku, na siku chache kisha sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuondoka. Watu walitembea kuelekea Sake na Gisenyi na kile mkono unaweza kubeba. Tangu hapo wengi wamekimbia tena, mara mbili, mara tatu, kwa sababu ya vita. Diplome, kadi ya mchaguzi, karatasi za parsele, kadi ya chanjo ya mtoto: vitu hivi vikiungua, kuvipata tena ni miaka ya biro na pesa. Picha zake zikiwa ndani ya telefone peke yake, zinafuata bahati ya telefone. Zikiwa kwenye wingu, zinangojea.

Google inatoa gigabaiti 15 bure kwa kila akaunti. Tangu Juni 2021 picha zote zinahesabiwa humo, na tangu 2024 hata nakala za WhatsApp za Android zinahesabiwa humo. Mtu anayetunza kila video ya harusi atajaza haraka, na siku ya kutafuta diplome atakuta haikuingia. Karatasi 30 zilizopigwa picha vizuri hazijazi hata sehemu ndogo ya nafasi hiyo. Zenyewe zitangulie.

Kuko mtego ambao umewafungia wengi nje. Kufungua akaunti kwenye telefone mpya, kampuni mara nyingi inatuma kodi kwa namba ya simu. Namba hiyo iko kwenye SIM iliyoibwa pamoja na telefone, ao SIM ya kampuni ambayo mtu amefika mahali haina antene. Wingu liko, karatasi ziko, mlango umefungwa. Google inatoa kodi za akiba zinazoweza kuandikwa kwenye karatasi na kushonwa ndani ya nguo ao kuachiwa ndugu aliye mji mwingine. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba teknolojia ya mbali namna hii inaokolewa na kalamu ya Bic, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa upande wa sheria, Kongo iko na Code du numérique tangu Machi 2023, yenye sura za kulinda habari za mtu. Serva zenyewe ziko nchi zingine, chini ya sheria zao.

Kompyuta za kwanza za Android na Chrome OS zilizounganishwa zikifika kwenye butiki za Goma, Bukavu ao Bunia, zitakuja na maneno mengi juu ya akili bandia, ambayo sehemu kubwa yake inafanyika kwenye serva. Hapo ndipo itaonekana mtoto gani wa Google amemshinda mwenzake: yule aliyelelewa kufanya kazi ndani ya mfuko, ao yule aliyelelewa kungojea rezo. Mnunuzi anaweza kujua pale pale dukani bila kulipa hata franka moja. Aombe muuzaji abonyeze alama ya ndege ili rezo yote ikatike, aandike barua fupi, aitunze, azime mashine, aiwashe tena, kisha aitafute ile barua.